Land Cruiser 79 na tela la tani mbili katika barabara ya Mbeya hadi Chunya

Kwa miaka mitatu sasa ninatumia Toyota Land Cruiser 79, pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, kuvuta tela la ekseli mbili kutoka Mbeya mjini hadi machimbo ya dhahabu ya Chunya, mara nyingi likiwa limebeba karasha (mashine ya kusagia mawe) au jenereta, na uzito wake wote ukikaribia tani mbili. Anayeijua njia hiyo anafahamu kwamba ukitoka mjini unapanda hadi kuvuka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha unateremka kwa kona nyingi.

Injini hii ina silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, na kwa kuwa nguvu zake hupatikana katika mizunguko midogo, huondoa mzigo mahali pa mwinuko bila kuitesa klachi. Hata hivyo haina turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na katika urefu huo hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo mlima mkali hupandwa kwa gia ya pili, polepole, dereva akiitazama geji ya joto. Mwenye haraka ataichukia. Mimi naiheshimu, kwa sababu haijawahi kuchemsha maji.

Kuteremka ndiko kunakoipima kweli. Tela langu la kwanza halikuwa na breki zake lenyewe, na siku moja, nikiteremka na karasha, nilihisi kanyagio la breki likizama hadi sakafuni kwa sababu mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Niliokolewa na gia ya kwanza na ukingo wa udongo. Kule Australia, ambako gari hili huuzwa kwa wingi, kiwango cha kuvuta ni kilo 3,500 kwa tela lenye breki, lakini ni kilo 750 tu kwa tela lisilo nazo, na tofauti hiyo niliielewa siku ile kuliko maelezo yoyote. Sasa tela lina breki zinazojibana zenyewe tela linapolisukuma gari, nami huingiza gia ndogo kabla ya mteremko, wala si katikati yake.

Springi za nyuma ni ngumu kiasi cha kuumiza mgongo gari likiwa tupu, lakini zikibeba kichwa cha tela hutulia vizuri, mradi takriban asilimia 10 ya uzito wa tela iegemee kwenye gari. Mzigo ukisogezwa nyuma mno, tela huanza kuyumba na kulivuta gari huku na huko. Kasoro niliyoiona haikutoka kiwandani: kishikio cha tela kilichochomelewa na karakana moja ya mjini kilipata ufa baada ya miezi michache, nikakibadilisha kwa kile kinachofungwa kwa bolti kwenye chasisi.

Magurudumu yote manne huyatumia kwenye njia za udongo za machimboni wakati wa masika, nikiwa katika gia nzito. Kwenye lami kavu huyaachia, kwa kuwa gari hili halina difu ya katikati, ile inayoziruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, na ekseli za mbele na nyuma zingekabana katika kila kona.

Kwa kazi hii ningelinunua tena, na tela lenye breki ningelinunua siku hiyohiyo.