Uzoefu wangu na ombudsmani wa nyumba za wazee Marekani: nyota nne kati ya tano

Kama mzazi wako yuko kwenye nyumba ya wazee Marekani na haridhiki na anavyohudumiwa, kuna huduma ya bure ambayo Waswahili wengi hapa hawaijui: ombudsmani, mtetezi wa wakazi. Ilianza kwa majaribio mwaka 1972, na leo iko katika kila jimbo.

Mama yangu ni mtu wa Lamu, amepata kiharusi. Walikuwa wanamwogesha usiku, na mara nyingi aliyemwogesha ni mwanamume. Kila nikilalamika naambiwa ratiba ndiyo hiyo. Kwenye mikutano ya mpango wa huduma naitwa mimi, mama anaachwa chumbani, ilhali sheria ya Marekani ya 1987 kuhusu nyumba za wazee inampa yeye mwenyewe haki ya kushiriki.

Ombudsmani alipofika alinisalimia, kisha akaniomba nitoke nje. Nilishangaa, maana mimi ndiye niliyempigia! Lakini kazi yao ndivyo ilivyo: wanayemtetea ni mkazi, si mtoto wake, na bila ridhaa yake hawagusi jambo. Alizungumza na mama kwa simu ya mkalimani. Mkalimani alikuwa Mkongo, wakaelewana vizuri tu. Mama alikuwa na hofu kwamba akisema, wahudumu watamnunia. Akaelezwa kuwa kumlipizia kisasi mkazi aliyelalamika ni kosa.

Mkutano uliofuata mama aliingizwa na kiti chake cha magurudumu, mkalimani akiwa kwenye simu. Akasema anataka kuogeshwa asubuhi, na mwanamke, na Ijumaa aoge mapema. Halafu akaongeza jambo ambalo hata mimi hakuwahi kuniambia: hataki kulazwa saa moja jioni kama mtoto, anataka kukaa sebuleni na wenzake. Yote yakaandikwa kwenye mpango wake, na ya kuoga yanafuatwa hadi leo.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ombudsmani hana uwezo wa kuitoza nyumba faini. Hiyo ni kazi ya mamlaka za serikali zinazosimamia nyumba hizo. Tena wengi ni watu wa kujitolea, kwa hiyo kumpata kulichukua muda.

Namba yao lazima ibandikwe ndani ya nyumba, mahali wakazi wanapoweza kuiona. Kabla hujapiga, kaa na mzee wako umuulize yeye anataka nini, kwa sababu hilo ndilo watakalomuuliza.