Kalkuleta ya sayansi yenye kitufe cha FACT, iko poa ila angalieni mabano

Kwa mnaoulizia kalkuleta ya tuisheni, hii yangu niliichukua steshenari moja pale Majengo hapa Dodoma, jamaa alianzia elfu hamsini tukamalizana arobaini na mbili. Sin na cos sizungumzii, hizo zote zinafanya, mi naongelea kuvunja namba kubwa ziwe namba tasa maana hapo ndo pesa yangu ilipoenda.

Unaandika namba, unabonyeza sawasawa, halafu shift na kile kitufe chenye FACT juu yake. Niliipa idadi ya watu wa Tanzania sensa ya 2022, yani 61,741,120, ikatema 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641 fasta. Kwa mkono mtoto wa form wani anatoa zile mbili na tano vizuri tu, akifika 192,941 anakuangalia wewe, kwani 7 haionekani kwa macho na 43 ndo kabisaa. Ukishapata hivyo mengine unamalizia mwenyewe, kama idadi ya vigawo (namba zinazoigawa bila kubaki kitu), kila kipeo unaongeza moja unazidisha, 7 × 2 × 2 × 2 × 2, vigawo 112. Vijumlishe vyote ukiacha namba yenyewe unapata 110,458,688, imeipita mbali, kwa hiyo iko kwenye lile kundi la namba zinazozidiwa na vigawo vyake.

Na hiyo 641 ina historia yake aisee. Mwanahisabati Fermat alidhani 2 kipeo 32 ukijumlisha 1, yani 4,294,967,297, ni tasa, mwanahisabati mwingine, Euler, akaja 1732 akaonyesha inagawanyika kwa 641. Sasa iweke kwenye hii mashine, inaandika 641 × (6700417). Hayo mabano ndo shida yenyewe, inatafuta tasa mwisho tarakimu tatu, kinachobaki kikiishinda inakifungia humo na haisemi ni nini. 6,700,417 ni tasa kweli. Ila 1,018,081 nayo inakuja mabanoni wakati ni 1009 × 1009 tu! Ile 2,147,483,647 ambayo Euler alithibitisha ni tasa mwaka 1772, bila umeme bila nini, inarudi nzima nzima kwenye mabano. Kwa hiyo wanafunzi waambieni mapema mabano sio jibu, wengine wanayanakili hivyo hivyo wanaandika "ni tasa".

Zaidi ya tarakimu kumi haigusi, hapo tafuta laptop. Kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) za sekondari haina mpinzani, na kwa jua la huku sola yake haijawahi kulala.

Ukienda kununua ijaribu palepale kabla hujatoa hela, andika 2036162, ikileta 2 × (1018081) beba, maana kuna feki nimeziona mtaani hicho kitufe kimechorwa tu ukibonyeza haifanyi kitu.