Vallisneria: ununue spiralis au gigantea?

Wadau wa samaki, kama tanki lako lina urefu wa sentimita 60 mpaka 100 usiumize kichwa, chukua Vallisneria spiralis, mmea wa kupanda ndani ya maji ya tanki, kwangu hiyo ndo namba moja. Majani membamba kama utepe, hata sentimita 1 ya upana kwa kawaida hayafiki, urefu mara nyingi unaishia nusu mita hivi. Na haina kudeka, taa ya kawaida inatosha, gesi ya kaboni haikudai, maji ya kisima yale magumu yenye chokaa ndo kwanza inayapenda, maana hata Ziwa Tanganyika ambako pH (kipimo cha uchachu wa maji) inapita 8 imejiotea yenyewe mchangani. Ukifuga samaki wa Kigoma umemaliza.

Namba mbili Vallisneria americana, madukani wanaiita gigantea. Ni ndugu kabisa ila huyu ni pandikizi la mtu, jani linafika sentimita 2 kwa upana na urefu unapita mita 1. Mi niliuziwa mche usiozidi kiganja nikauweka kwenye lita 80, miezi michache tu majani yamelala juu ya maji yote, chini giza totoro, mimea mingine ikanifia, na kuung'oa sasa, unakuja na mchanga wote! Kama una lita 300 na kuendelea sawa, hapo inapendeza kweli.

Halafu kuna wanaotaka majani ya kujisokota wakiona neno spiralis wanadhani ndo yenyewe. Hapana jamani, jina limetoka kwenye kikonyo cha ua jike, kikishachavushwa kinajikunja kama springi kinalivuta tunda chini.

Dukani kagua mizizi iwe myeupe, na pale majani yanapoanzia paminye, pakiwa pameteleza kama mlenda acha. Miche mitano inatosha, inatambaa chini ya mchanga inazaana. Ukipanda fukia mizizi tu, shingo, yaani pale majani yanapoanzia, ibaki nje. Majani ya zamani yakiyeyuka wiki za mwanzo usitupe mche, mapya yanakuja. Ile kaboni ya maji, dawa ya kukuzia mimea ya tanki yenye kemikali ya glutaraldehaidi, usithubutu, inaziyeyusha zote mbili.

Hela ikibana tafuta mwenye tanki la siku nyingi umwombe, huwa anazipunguza na kutupa kila mara.