Makubadhi ya Kushonwa kwa Mkono: Tathmini Baada ya Miezi Saba

Nimeyavaa makubadhi haya kwa miezi saba, msikitini, sokoni na katika harusi mbili, na nimeona niyaandikie sasa kwa sababu gidamu ya mguu wa kulia imekatika na kutiwa nyingine. Kabla ya siku hiyo, sifa yoyote ya viatu vya aina hii ni sifa ya urembo tu. Niliyanunua Mji wa Kale, Mombasa, kwa fundi anayeshonea barazani, kwa shilingi 1,800 za Kenya.

Gidamu, kwa asiyeizoea, ni ule ukanda mwembamba unaopita kati ya kidole gumba cha mguu na jirani yake, ukaziunganisha kanda za juu na soli. Katika mitalawanda, viatu vya mti vilivyovaliwa zamani majumbani, kazi hiyo ilikuwa ya msuruaki, kijiti kinachobanwa na vidole. Ufundi wenyewe ni mkongwe: viatu vilivyokutwa katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Misri mwaka 1922, vina ukanda huo mahali papo hapo, na baadhi yake vimechorwa maadui wa mfalme ili awakanyage kila anapopiga hatua. Yangu yana nakshi ya uzi mwekundu tu, nami sidai zaidi.

Fundi hakutumia kalibu, lile umbo gumu la mguu ambalo kiatu hushonwa juu yake. Kiatu cha kufunika hutaka ngozi ivutwe juu ya kalibu na kubanwa chini, kazi iliyobaki mikononi mwa mafundi hata viwandani, hadi Jan Matzeliger, mzaliwa wa Suriname, alipopata hataza ya mashine yake mwaka 1883 akiwa Lynn, Massachusetts. Makubadhi hayahitaji hayo. Nilikanyaga karatasi, fundi akazungusha kalamu kando ya nyayo zangu, ikabainika kwamba mguu wa kushoto umeuzidi wa kulia kidogo, na kila mmoja ukakatiwa ngozi yake.

Soli ina tabaka tatu: ngozi laini inayogusa wayo, ngozi ngumu katikati, na kipande cha tairi chini. Ncha za kanda zimepenyezwa katika mikato ya tabaka la juu, zikalazwa bapa na kufichwa, kisha ukingo wote ukashonwa kwa uzi uliotiwa nta. Gundi ipo, lakini kazi yake ni kushikiza mpaka sindano ipite. Jozi niliyoinunua mwaka uliotangulia katika duka moja, ambalo sitalitaja, ilikuwa na mishono ya kupendeza iliyopigwa juu kwa urembo huku soli ikishikwa na gundi tupu, na mvua ya kwanza ilipoinyeshea ikaachama mdomo kama changu aliyetolewa majini.

Dosari zipo. Juma la kwanza gidamu ilinichubua hata nikarudia ndara, rangi ya ngozi ilinitia wekundu kwenye nyayo kwa siku kadhaa, na ngozi ikilowa huteleza chini ya kisigino, kwa hiyo masika nayaweka ndani. Asiyependa harufu ya ngozi mbichi naye atataabika kwa muda.

Gidamu ilipokatika, fundi alifumua mshono wa mbele peke yake, pasipozidi urefu wa kidole, akachomoa kipande cha zamani, akapenyeza kipya na kushona akifuata matundu yale yale. Nilikuwa sijamaliza kahawa yangu. Alinitoza shilingi 100, na kanda nyingine hazikuguswa.

Atakayekwenda kununua asishawishike na jozi zilizotundikwa mlangoni, bali aagize apimwe na asubiri siku tatu au nne. Akabidhiwapo, ayapindue: uzi uonekane ukizunguka ukingo mzima hadi kisiginoni, na gidamu ivutwe kwa nguvu mbele ya fundi mwenyewe.