Katalogi ya maktaba kwenye simu: miezi miwili nikizitafuta karanga za Kongwa

Marehemu baba alikuwa utingo wa trekta Kongwa, enzi za ule mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, miaka ya 1940. Alisimulia mengi na hakuandika hata moja, na mimi binti yake nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja bila kukaa nikamwuliza vizuri. Sasa nimestaafu, nipo Kisasa, muda ninao. Ndiyo nikaanza kuhangaika na katalogi, yaani orodha ya vitabu, ya mtandaoni ya maktaba moja ya utafiti hapa Dodoma. Jina lake silitaji, kwa sababu vijana wa kaunta wamenitendea wema na baadhi ya nitakayoyasema yanaweza kuwaponza.

Sifa kwanza. Inafunguka kwenye simu, haili bando, na kutafuta hakuhitaji uanachama. Ingekuwa zamani ningepanda daladala mbili, vumbi la Agosti limejaa puani, niende kuambiwa "hakuna mama". Siku hizi naambiwa hakuna nikiwa barazani kwangu nachambua mlenda. Halafu kuna kikapu: kila kitabu unachokiona unakidumbukiza humo, na ukifika maktaba unamwonyesha mkutubi orodha nzima. Mimi macho yangu hayapendi kunakili namba ndefu, kikapu hiki nakipenda sana.

Siku ya kwanza niliandika "karanga". Vikaja vitatu: kilimo bora cha karanga, magonjwa ya karanga, na kimoja cha mapishi. Nikaandika "karanga Kongwa". Sifuri. Nikaandika "Msagali", maana baba hakumaliza hadithi bila kuitaja reli ndogo iliyokuwa ikichepuka pale Msagali kwenda Kongwa. Sifuri tena. Nikasusa siku nne.

Kumbe katalogi haisomi kitabu ndani. Inasoma yale tu ambayo mkutubi aliyajaza: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, na maneno mawili matatu ya somo, yaani kitabu kinahusu nini. Reli ya Msagali inaweza kuwa imeelezwa kurasa kumi, katalogi haina habari. Na maneno hayo ya somo ni ya Kiingereza, tena cha Kimarekani, kwa kuwa maktaba nyingi hufuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Waingereza wenye mradi wao waliziita karanga "groundnuts". Orodha ile inaziita "peanuts". Nikaandika "peanuts Tanganyika", siyo Tanzania, maana mradi ulifutwa Januari 1951 na jina Tanzania limekuja 1964. Vikateremka vitabu tisa. Nilipiga kelele mpaka mjukuu akatoka ndani.

Ripoti ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1947, ile yenye namba Cmd. 7030, ilinisumbua wiki nzima. Humo ndimo zilimopangwa ekari za karanga zaidi ya milioni 3, za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Nilikuwa natafuta jina la mtu kwenye sehemu ya mwandishi. Mwandishi ni wizara! Unaandika "Great Britain. Ministry of Food", na nukta yake hapo katikati.

Malalamiko yangu makubwa ni ya kisarufi, mtanisamehe, ualimu hauishi. Katalogi hii ina nyota. Unaandika mwanzo wa neno, unaweka nyota, yenyewe inakuletea miisho yote. Kwa Kiingereza ni raha: "farm*" inakuletea farmer, farming, farms. Lakini nomino za Kiswahili kwa kawaida hazigeuki mkiani, zinageuka kichwani. Mgogo, Wagogo, Ugogo, Kigogo: uweke nyota wapi? Kila moja nimeiandika peke yake, kama anayepiga hodi nyumba hadi nyumba. Nilipoandika "Wagogo", wenyeji wa huko Kongwa, nikapata kitabu cha Mathias Mnyampala cha mwaka 1954, kwa bahati tu neno lipo kwenye jina lake. Nilipoandika "Gogo" nikapata tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hichohicho, ya 1995, pamoja na cha Peter Rigby cha 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo. Kitabu na tafsiri yake havijuani, kwa sababu aliyeingiza kile cha Kiswahili aliliacha somo wazi. Cha Kiingereza kimejazwa vizuri, taarifa zake zimechukuliwa tayari kutoka kwa wenzetu wa nje. Cha kwetu kinatungoja sisi, na sisi hatujakijaza. Hilo liliniuma kuliko yote.

Nikaenda na kikapu changu. Kijana wa kaunta akanipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi mama", nikajua nimefika kwa watu. Akaangalia orodha, akacheka kidogo. Vitabu vya mradi uleule mmoja vimetawanywa jengo zima: kimoja kiko rafu namba 338 kwenye uchumi, kingine 633 kwenye mazao ya shambani, kingine 967.8 kwenye historia ya Tanzania. Magoti yangu yaliikumbuka siku hiyo. Simlaumu mtu, kila mpangaji alikuwa na sababu yake.

Cha 338 ndicho nilichokitaka zaidi. Katalogi inasema kipo, maandishi ya kijani. Rafuni kuna pengo la upana wa vidole viwili, na vumbi lililochora mstari pale kitabu kilipokuwa kimesimama.

"Mwanangu, mashine inasema kipo."

"Mashine haijaambiwa, mama. Subiri."

Akapotea robo saa, akarudi nacho. Kilikuwa chumba cha nyuma wanakoshonea vitabu, jalada limeng'oka, gundi imekauka, kimefungwa kwa kamba ya katani. Kipo huko tangu kabla ya Krismasi. Nikamwomba abadilishe taarifa yake nikiwa nimesimama palepale, akabadilisha, haikumchukua hata dakika. Sasa jiulize ni vingapi viko kule nyuma huku simu zikiendelea kutuambia vipo.

Kwa wanaotafuta kama mimi, nina njia moja niliyoizoea. Katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ni ya bure. Wana ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya nchi zetu, kwa hiyo hata vitabu vya Central Tanganyika Press, vya hapahapa mjini kwetu, utavikuta vimeorodheshwa Washington na somo limejazwa. Naanzia huko, nashusha mpaka kwenye mstari wa somo, nakopi neno lililotumika, narudi nalo kwenye katalogi ya hapa. Mara nyingi linakubali. Kuzunguka Marekani ili kupata kitabu kilichoko kilomita nane kutoka nyumbani ni kichekesho, ila ndiyo njia niliyonayo.

Kuweka oda ya kitabu kilichoazimwa sijafanikiwa. Inadai namba ya uanachama na nywila, nikiingiza inanitupa nje. Kijana amesema ni kivinjari cha simu yangu. Labda.

Nawapa nyota tatu na nusu, nusu ni ya yule kijana. Wakijaza masomo kwenye vitabu vya Kiswahili naongeza moja siku hiyohiyo.

Ukienda, nenda asubuhi, beba kitambulisho na chaja. Soketi inayofanya kazi ni ile ya meza ya dirishani, na kuna mzee mmoja wa magazeti anaiwahi kila siku saa mbili kamili.