TAHADHARI: Muuza pedeli za kubana na kliti anayezunguka Mtwara na Lindi

Wakuu, habari za kazi. Hasa ninyi wa Mtwara Mjini, Mikindani, Mingoyo na Lindi mnaoendesha baiskeli za gia kwa viatu vya kubana (vile vyenye kliti, kipande cha chini ya soli kinachonasa kwenye pedeli), someni kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anauza pedeli na kliti kupitia status za WhatsApp na magrupu ya kuuziana vitu. Anajitambulisha kuwa ana konteina la Ulaya limefunguliwa Dar, mzigo anautuma kwa basi, na anataka hela yote kabla basi halijaondoka. Maneno yake ya kwanza ni "zimebaki pea mbili tu, wahi boss". Ukirudi na malalamiko anakwambia kitu kikishafungwa kwenye baiskeli hakirudishwi. Ukizidi kumsumbua, laini inazimwa na picha zilezile zinaibukia kwenye namba nyingine. Ndiyo maana namba siiweki hapa, haitawasaidia. Mimi ni fundi, vitu vyake vimeletwa mezani kwangu na wateja wenye hasira, nimevifungua na kuviona kwa ndani.

Kuuza mtumba si kosa. Pedeli ya mtumba iliyotunzwa inaweza kukupeleka Masasi na kukurudisha bila kunung'unika, na bila mtumba wengi wetu tusingezijua hizi pedeli kabisa. Shida ya huyu bwana ni kwamba anachukua vitu vilivyokufa, anavipaka, anavifunga kwenye nailoni na kuviuza kwa bei ya dukani akiviita orijino.

Tuanze na grisi. Ndani ya pedeli kuna goroli au beringi. Zikiliwa, pedeli inayumba na kukwaruza. Yeye anashindilia grisi nzito mpaka inamwagika pembeni, ukizungusha kwa mkono unaona laini, kimya, kama imetoka kiwandani. Jua letu la huku linailainisha grisi, inavuja, halafu kelele zinaanza. Pea moja niliyofungua, njia ya goroli ilikuwa imetobolewa na kutu. Hiyo hairekebishiki hata ukiweka goroli mpya. Kwa hiyo ukiletewa pedeli yenye grisi nyingi nje, ifute yote kwanza. Shika shafti (chuma cha katikati kinachoingia kwenye baiskeli) kwa vidole, izungushe polepole mzunguko mzima. Nzima inakwenda kwa uzito kidogo, sawasawa. Mbovu utahisi kama kuna mchanga ndani. Kisha shika mwili wa pedeli, usukume juu na chini. Mwili ukicheza, rudisha mzigo hapohapo.

La pili lilinishangaza hata mimi. Anaokoteza pedeli moja moja na kuzifanya pea. Mteja wangu mmoja aliuziwa pedeli mbili zote za kulia. Kwa asiyejua: pedeli ya kulia inakazwa kwa kufuata mshale wa saa, ya kushoto uzi wake umegeuzwa, inakazwa kinyume. Herufi R na L zimepigwa kwenye shafti, karibu na uzi. Fundi wa mtaani aliona upande wa kushoto hauingii, akadhani ni kutu, akaibana kwa nguvu na spana ya 15. Mkono wa krenki, ule pedeli inakofungwa, ni aluminiamu, shafti ni chuma, mnajua nani anashinda. Uzi wote ukaliwa. Sasa hasara si pedeli tena, ni krenki, na krenki nzuri kuipata Mtwara si kazi ndogo.

Kwenye kliti ndiko alikojaa uongo mwingi zaidi, na hapa naomba tuende taratibu.

Kliti za chuma, zile za bolti mbili za mfumo wa SPD ambao kampuni ya Shimano waliutoa mwaka 1990, zinalika. Ncha ya mbele inakuwa nyembamba, kingo zinapoteza umbo, kiatu kinaanza kuchomoka chenyewe ukisimama kukanyaga mlima. Jamaa anazipuliza rangi nyeusi na kuziita mpya. Kwangua kwa funguo sehemu inayonasa kwenye pedeli. Rangi ikibanduka kama maganda na chini kuna chuma kilichosuguliwa kikang'aa, umeshajua. Angalia pia namba iliyopigwa kwenye kliti. SH51 inatoka kwa kuzungusha kisigino kwenda pembeni tu. SH56 inatoka kwa pande zaidi, hata ukivuta kwa mshtuko, kwa hiyo inamfaa anayejifunza. Yeye alimuuzia kijana mgeni wa mchezo huu SH51 akamwambia ni zile za kujifunzia. Namba yenyewe si ushahidi wa uorijino, feki nazo zinapigwa namba, lakini angalau uongo wa aina hii utaukamata.

Za plastiki, zile za bolti tatu, mtego wake ni mwingine. Kliti ya Keo ya kampuni ya Look na ya SPD-SL ya Shimano zote zinafungwa kwenye kiatu kilekile, kwenye matundu yaleyale matatu. Mtu anazifunga, zinakaa vizuri, anafurahi. Akifika kwenye pedeli ndipo anagundua hazinasi, au zinanasa nusunusu, na nusunusu ndiyo mbaya kuliko zote. Jamaa anachanganya makusudi: pedeli za kampuni moja, kliti za nyingine. Mteja akiuliza anajibiwa eti "zitazoea".

Halafu rangi za kliti hizi za plastiki. Kwa Shimano, nyekundu haina nafasi kabisa, mguu umefungwa kwenye mstari mmoja. Bluu inaruhusu kisigino kucheza nyuzi (digrii) 2, njano nyuzi 6. Kwa Look Keo ni kinyume: nyeusi ndiyo 0, kijivu 4.5, nyekundu 9. Sasa huyu anauza nyekundu za Shimano kwa kila mtu akisema ni "za mashindano". Mtu ambaye miguu yake haijapimwa na mjuzi, ukimfunga kwenye nyuzi 0 goti linalipa. Kama huna uhakika chukua njano, na usione aibu.

Feki zake za njano nazo ni plastiki kavu. Nimeona moja imepasuka kuanzia tundu la bolti, mwenye kiatu hakujua mpaka nilipoigeuza.

Mtaniuliza kwa nini nakazania hivi kitu kidogo cha chini ya kiatu. Kwa sababu hela tutaitafuta tena. Pedeli hizi unatoka kwa kuzungusha kisigino nje. Kliti ikiwa imelegea, au bolti moja imedondoka, unazungusha mguu, kiatu kinazunguka lakini kliti inabaki palepale kwenye pedeli, haikuachii. Unabaki umefungwa, baiskeli imesimama, unaanguka upande mzima mzima. Kijana niliyemtaja, wa SH51, alianguka hivyo kwenye kona ya Mikindani akiipisha bodaboda. Amechubuka kiwiko na bega, tunashukuru. Ingekuwa msimu wa korosho, malori yanapokuja bandarini mfululizo, sijui tungekuwa tunaongea nini.

Na bolti zake ni za chuma laini. Ukikaza kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, kichwa kinakuwa duara kabla hakijakaza. Ukitaka kuitoa baadaye inabidi kuitoboa kwa drili, na soli ya kiatu inakuwa rehani. Nunueni bolti nzuri hata kama kliti ni za mtumba. Uzi upakwe grisi kidogo, kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 5 hadi 6, mwendeshe kidogo mrudi kukaza tena, maana kliti ikishakanyagwa inajikita kwenye soli na bolti inabaki na ulegevu.

Kama mtu anataka ushauri wangu wa kununua, kwa mazingira yetu chukua za chuma za bolti mbili. Kliti inazama ndani ya soli, unashuka unanunua maji, unatembea kwenye mchanga wa Msimbati, unarudi kuendesha. Za plastiki zinatokeza nje, kila hatua unayotembea kwenye lami unazila. Zina vipande vya rangi pembeni, vikilika vikaisha badilisha, usisubiri.

Ukikagua pedeli usisahau skrubu ya kukaza springi, nyingi ni alenki ya 3. Izungushe kushoto na kulia, halafu jaribu kunasa na kuchomoa kliti kwa mkono au kwa kiatu. Ugumu lazima ubadilike. Kwenye baadhi ya mzigo wa huyu bwana skrubu inazunguka tu bila kubadilisha chochote. Anayeanza aweke laini kabisa, na ajizoeze kutoka akiwa ameegemea ukuta kabla ya kushika barabara ya Lindi.

Tukiwa pwani chumvi haitusamehe. Ukitoka ufukweni suuza pedeli kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, tone la oili kwenye springi, futa ziada. Maji yenye presha ya wale wa kuosha magari yaelekeze mbali na shafti, yanasukuma grisi nje na mchanga ndani.

Kwa ambao wameshanunua: usifunge. Piga picha kila kitu kikiwa kama kilivyofika, hifadhi meseji zote na ujumbe wa muamala, nendeni polisi mkiwa na ushahidi huo. Namba yake iripotini kwa kuituma 15040. Kuhusu bidhaa bandia zenyewe, wanaohusika ni Tume ya Ushindani, FCC. Na kwa ambao hamjanunua, mwambieni mtalipa mzigo ukishafika na kukaguliwa. Watatu nawajua waliomwambia hivyo, wote aliwablock.

Tangazo lake la juzi linasema mzigo mpya unaingia na safari hii anashuka Masasi na Nachingwea. Wenye ndugu na wateja huko wapelekeeni hii.