Kabla ya kununua sisimizi wa kufuga, uliza mdogo wao ana ukubwa gani

Malalamiko yanayonifikia kuhusu sisimizi wa kufuga yanafanana mno: nimenunua, nimewatunza kama nilivyoelekezwa, na sasa wako kwenye sukari. Muuzaji naye jibu lake ni lile lile, kwamba mfuniko haukufungwa vizuri. Mfuniko ulifungwa. Ila mnunuzi hakuambiwa kibarua, yaani sisimizi mfanyakazi, mdogo kabisa wa kundi lile ana ukubwa gani.

Kwa hiyo rangi, ukali na urembo nawaachia wenye matangazo. Mimi swali langu ni moja: mdogo wao anapita wapi?

Sisimizi hupita popote kichwa chake kinapopita. Mtazame akiwa ukingoni mwa kiota: anatanguliza vipapasio, anavichovya kwenye mwanya, anainamisha kichwa upande, anasukuma. Kichwa kikishapenya, mwili uliobaki unafuata, maana kichwa ni gamba gumu lisilobonyea. Na vibarua wa mwanzo ndio wadogo kuliko wote. Malkia wa spishi nyingi zinazofugwa, akishapandwa na kudondosha mabawa, hujifungia bila kula na kuwalisha mabuu kwa akiba ya mwili wake, ikiwemo misuli ya mabawa ambayo hana kazi nayo tena. Akiba hiyo haiwezi kulea watoto wakubwa. Basi kundi unalopokea kwenye neli ya majaribio, na pamba yake mdomoni, lina vibarua vidagaa, wakati kiota umekinunua kwa kuangalia picha ya askari, yaani kibarua mkubwa, mwenye kichwa kama kokwa.

Nafasi ya kwanza nawapa Camponotus, sisimizi seremala, na sifichi kwamba nawapendelea. Camponotus ligniperda wa Ulaya, kwa mfano, vibarua wake wazima huanzia kama milimita 6 na wakubwa hufika 14. Wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 1 unamtosha kabisa. Hawana mwiba, wakichokozwa wanang'ata na kurusha asidi, basi. Watu huwasema kwamba wanachelewa kuongezeka, kwamba mwaka wa kwanza unaweza kuisha na vibarua kumi na kitu tu. Sioni kosa hapo. Mfugaji mpya anayepata mwaka mzima wa kujifunza kuziba nyufa kabla kundi halijajaa ana bahati. La kuangalia ni mawili. Usiwape kiota cha mbao, watakitoboa, ndiyo kazi waliyozaliwa nayo. Halafu wale wa nchi za baridi lazima wapumzishwe kwenye ubaridi miezi kadhaa kila mwaka, vinginevyo kundi linadhoofika. Usipotaka shughuli hiyo, Camponotus nicobarensis wa kusini mashariki mwa Asia hawaihitaji, na malkia zaidi ya mmoja huweza kukaa kiota kimoja.

Wa pili ni Messor barbarus, mvunaji wa mbegu. Kuwalisha ni raha: unamwaga mbegu kavu, wanazihifadhi wenyewe, wanazitafuna hadi ziwe donge wanalolishana, na mdudu wa mara moja moja unatosha kwa ajili ya mabuu. Tatizo ni tofauti ya maumbo. Kundi hilo hilo lina kibarua wa milimita 3 na askari wa zaidi ya 10. Ukipima mwanya kwa yule mkubwa umekwisha. Na yule mkubwa naye hukwangua jasi ya kuta za kiota, kwa hiyo tundu lililokuwa salama mwezi uliopita lipime tena.

Lasius niger, sisimizi mweusi wa bustani wa Ulaya, ni rahisi kupata, bei yake nyepesi, mvumilivu. Malkia wake mmoja aliwahi kuishi zaidi ya miaka 28 akifugwa. Anataka mapumziko ya baridi. Ni mdogo, ziba vizuri.

Pheidole simpendekezei mtu anayeanza. Wana askari wa vichwa vikubwa wanaopendeza sana kwenye video, lakini vibarua wao wa kawaida ni kama milimita 2, na ule wavu wa milimita 1 wanaupita wakitembea. Utaniambia utapaka Fluon, ile dawa ya utelezi inayowazuia kupanda, ukingoni. Paka, lakini unyevu ukipanda kizuizi hicho hulegea.

Solenopsis invicta, sisimizi wa moto, usimguse, hata ukipewa bure. Alitoka Amerika Kusini, akaingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, na hadi leo hawajamwondoa. Mwiba wake unaunguza.

Sasa wauzaji. Tangazo linaandika urefu wa askari mkubwa kuliko wote. Wa mdogo haumo. Wengine wanaandika "Camponotus" tu bila spishi, kana kwamba jamii yenye spishi zaidi ya elfu moja ni sisimizi mmoja. Bei nayo inapanda kwa kila kibarua unayeongezewa, vibarua ambao malkia angewazaa mwenyewe ukisubiri, na inapanda zaidi mdudu akiwa ametoka mbali. Bei hizo ndizo zinazolisha magendo. Mei 2025 mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi, wakiwemo malkia wa Messor cephalotes, mvunaji mwingine wa mbegu, waliopakiwa kwenye neli tayari kusafirishwa. Kama unakoishi kuna Camponotus wa asili, na sheria inaruhusu, tafuta huyo.

Kabla ya kulipa, dai picha ya kibarua mdogo kabisa akiwa kando ya rula. Dai pia kuona vibarua waliokwisha kuanguliwa, hata watano. Malkia asiye na mabawa si ushahidi wa chochote; ambaye hakupandwa naye huyadondosha, hutaga, na mayai yake hutoa madume tu.